Sinema Ilipoingia Sebuleni: Historia Fupi ya Uhakiki wa Filamu kwa Kiswahili

Utangulizi

Historia ya filamu katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kama historia ya watengenezaji, ya wenye majumba ya sinema na ya wakaguzi wa serikali. Mtazamaji hutajwa kwa wingi wake. Maoni yake hutajwa kwa nadra. Upungufu huu unakuwa mkubwa zaidi pale filamu ilipoondoka ukumbini na kuingia nyumbani, kwani huko ndiko Kiswahili kilikopata nafasi ya kuitolea filamu hukumu yake. Makala haya yanafuatilia safari hiyo tangu enzi ya kanda za video hadi enzi ya intaneti. Hoja inayotetewa ni kwamba uhakiki wa filamu kwa Kiswahili umekuwapo kwa miongo mingi, ila umekuwa uhakiki wa kusemwa; na maadamu haukuhifadhiwa, umedhaniwa kuwa haupo.

Hukumu ya Ukumbini

Kabla ya kanda za video, filamu nchini Kenya ilimfikia mtazamaji ikiwa tayari imekwisha kuhukumiwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilikataza filamu kuonyeshwa hadharani bila idhini ya wakaguzi. Baada ya wakaguzi walifuata waandishi wa magazeti, ambao mjini Nairobi waliandika zaidi kwa Kiingereza. Hadhira yenyewe ilikuja mwisho, na hukumu yake ilikuwa vifijo, miluzi na gumzo la njiani.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kuidhania hadhira hiyo kuwa bubu. Katika miji ya pwani, filamu za Kihindi kama vile Awara (1951) na Mother India (1957) zilipendwa na watu wengi wasiojua Kihindi. Wanamuziki wa taarabu walizichukua baadhi ya tuni za filamu hizo na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Kuteua tuni hii na kuiacha ile, kisha kuipa maudhui mapya, ni kitendo cha kihakiki. Kilichokosekana ni mtu wa kukiita kwa jina hilo.

Kanda na Adabu za Nyumbani

Mfumo wa kanda za VHS ulizinduliwa Japani mwaka 1976, na katika miaka ya 1980 mitambo ya video ilikuwa imeenea katika miji mikubwa ya eneo hili. Athari yake haikuwa sawa kila mahali. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, katika nyumba kadhaa za Bara, runinga ilinunuliwa kwa ajili ya kanda kabla ya kuwapo matangazo ya kuipokea. Kenya nayo ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini hadi KTN ilipoanza mwaka 1990 mtazamaji alikuwa na kituo kimoja tu cha humu nchini. Kanda ndiyo iliyompa uwezo wa kuteua.

Uteuzi huo ulifanyika mbele ya watu. Sebule ya Mswahili si mahali pa mtu mmoja: yupo nyanya, wapo watoto, yupo mkwe aliyekuja kusalimu, yupo jirani asiye na mtambo. Filamu iliyopitishwa na wakaguzi ililazimika kupita tena mbele ya baraza hili. Mandhari ya aibu yalipotokea, mwenye nyumba aliipeleka kanda mbele au aliuzima mtambo kabisa. Kuzima huko kulikuwa hukumu ya kimaadili yenye vigezo vinavyofahamika, yaani heshima, haya na rika. Aidha, kanda iliweza kurudishwa nyuma. Kwa mara ya kwanza mtazamaji wa kawaida aliweza kukitazama tena kipengele kilekile na kubishana na mwenzake kuhusu alichokiona. Usomaji wa kurudiarudia, ambao ndio msingi wa uhakiki wa matini, uliingia katika filamu kwa njia hii.

Mfasiri kama Fanani

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na sauti ya mfasiri. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Nchini Kenya, DJ Afro aliifikisha sanaa hiyo kwenye vibanda vya video na majumbani kwa Kiswahili cha mtaani kilichochanganyika na Sheng. Uganda ilikuwa na wasimulizi wake, wanaoitwa VJ, waliotumia zaidi Kiganda.

Ni rahisi kuwapima wasimulizi hawa kwa kigezo cha usahihi na kuwaona wameshindwa. Huacha mazungumzo bila kuyafasiri, huwabandika wahusika majina ya mitaani, hutia methali pasipokuwa na methali, na humcheka shujaa ambaye mwongozaji alikusudia aogopwe. Lakini yeyote aliyesoma fasihi simulizi atazitambua mbinu hizi mara moja. Fanani wa ngano naye hufupisha, hurefusha, huchopeka na huitania hadhira yake. Hali kadhalika, washairi wa tendi za kale walipozipokea habari za vita vya Kiarabu walizisuka upya kwa bahari za Kiswahili, na hakuna mhakiki makini anayewashutumu kwa kutofasiri neno kwa neno. Hata Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa anwani ya Mabepari wa Venisi (1969), anwani yenyewe ilikuwa tayari imetoa maoni.

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Msimulizi anapomkejeli mhusika, huwa anamweleza mtazamaji namna ya kumhukumu mhusika huyo. Anapoeleza kwa nini mhalifu ametenda alivyotenda, huwa amefasili. Tahakiki na kazi inayohakikiwa husikika kwa wakati mmoja.

Dai hili lina mipaka yake. Msimulizi ni mfanyabiashara pia, na mara nyingi kazi yake ilitegemea kanda zilizonakiliwa bila idhini ya wenye haki. Pia huweza kuifunika kazi ya waigizaji kiasi kwamba mtazamaji hatofautishi kilichotoka kwa mwongozaji na kilichotoka kwa mfasiri. Kasoro hizi ni za kweli. Hata hivyo, zinahitaji kuchunguzwa, na haziwezi kuwa sababu ya kupuuza.

Filamu za Wenyeji na Lawama za Watazamaji

Filamu ya Kiigbo Living in Bondage (1992) ilionyesha kwamba kazi iliyotengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya kanda ingeweza kuishi bila ukumbi wa sinema. Nchini Tanzania, Girlfriend (2003), iliyoongozwa na George Tyson, huhesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo za wimbi lililokuja kuitwa filamu za Bongo. Sasa mtazamaji hakuhitaji mfasiri. Alisikia lugha yake, na akaanza kulaumu.

Lawama zenyewe zinastahili kusikilizwa kwa makini. Watazamaji walilalamika kwamba hadithi moja iligawanywa katika sehemu mbili zilizouzwa mbalimbali, kwamba mandhari yalivutwa bila sababu, na kwamba filamu zilifuata mno mtindo wa Nigeria. Malalamiko ya kwanza yanahusu bei, lakini pia yanahusu msuko: mtazamaji alitambua kwamba hadithi ilikatwa mahali palipofaa biashara. Malalamiko ya pili yanahusu mwendo. Ya tatu yanagusa uhalisi na athari za kigeni, masuala yaliyojadiliwa kwa muda mrefu katika uhakiki wa riwaya. Umati uliofurika viwanja vya Leaders Club jijini Dar es Salaam kumuaga Steven Kanumba mwezi Aprili 2012 ulithibitisha kwamba walalamikaji hao walikuwa pia wapenzi wa sanaa hiyo.

Enzi ya Intaneti

Mwezi Januari 2016 Netflix ilifungua huduma zake katika nchi zaidi ya 100 kwa mpigo, Kenya ikiwamo. Filamu mpya sasa humfikia mtu mkononi mwake, na tafsiri huja kama maandishi chini ya picha. Faida yake ni bayana. Kazi kama Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga inaweza kutazamwa na kunukuliwa kwa uhakika, na mwanafunzi anaweza kuilinganisha riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), na filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021, akipima kilichoachwa na kilichoongezwa.

Hasara yake haionekani upesi. Mwaka 2017 kampuni hiyohiyo iliondoa nyota za kupimia filamu na kuweka ishara ya kidole gumba, juu au chini. Baraza la sebuleni lilikuwa na nyanya aliyeuliza kwa nini, na kijana aliyelazimika kumjibu. Anayetazama peke yake hana wa kumjibu, na kidole gumba hakiulizi.

Hitimisho

Imebainika kwamba wasemaji wa Kiswahili wamekuwa wakiihakiki filamu nyumbani kwa njia tatu kuu: kwa kuteua na kuzima, kwa kuisimulia upya, na kwa kulalamika. Kila njia ina vigezo vinavyoweza kuelezwa kitaaluma. Hatari iliyopo ni ya wakati. Kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu, hasa pwani, na wasimulizi wa kizazi cha kwanza wanazidi kupungua. Idara za Kiswahili zilituma wanafunzi vijijini kurekodi ngano, pamoja na jina la fanani, mahali na mwitikio wa hadhira. Utaratibu huohuo unahitajika sasa kwa kanda zilizosimuliwa na kwa kumbukumbu za waliozitazama. Usipofuatwa, historia ya maoni ya Waswahili kuhusu filamu itaandikwa kutokana na magazeti ya Kiingereza na majalada ya wakaguzi, yaani kutokana na kila sauti isipokuwa yao.