Utando wasafisha maji ya viwanda vya karatasi, mabaki bado kitendawili

MAJI yanayotoka katika kiwanda cha karatasi mara nyingi hufanana na chai ya mkandaa, na ni rangi hiyo iliyowasumbua wasafishaji kwa miaka mingi.

Chanzo chake ni lignini, gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Mbao zinapopikwa kwa kemikali ili kupata rojo la karatasi, lignini huyeyuka, na sehemu yake hutoka pamoja na maji ya kuoshea na kung'arishia rojo hilo.

Njia iliyozoeleka ni kuyapitisha maji katika mabwawa ambamo bakteria hula uchafu. Ndivyo ilivyokuwa Webuye, magharibi mwa Kenya, ambako kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza uzalishaji mwaka 1974 na kumwaga maji yake katika Mto Nzoia hadi kiliposimama mwaka 2009. Mto huo huishia Ziwa Victoria, na njiani watu huchota maji yake, huoga na kunyweshea mifugo.

Bakteria hupunguza sana uchafu unaooza. Lignini, hata hivyo, huwashinda, hivyo maji huweza kutoka bwawani yakiwa bado meusi na kuzuia mwanga wa jua kuifikia mimea iliyo chini ya maji.

Utando hauli uchafu, bali huuzuia. Maji husukumwa kwa pampu kuukabili utando wenye vitundu vidogo mno. Katika ultrafiltresheni, vitundu huwa na upana wa nanomita chache hadi 100, ilhali unywele wa binadamu una unene wa nanomita zisizopungua makumi elfu. Molekuli kubwa za lignini hunaswa, maji hupenya. Nanofiltresheni hunasa hata molekuli ndogo zaidi, na osmosisi ya kinyume huondoa chumvi pia, lakini kila hatua hudai shinikizo kubwa zaidi, na kwa hiyo umeme mwingi zaidi.

Inafaa kukumbuka kwamba utando uliofungua njia hii, uliobuniwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan mjini Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1950, ulikuwa wa asetati ya selulosi. Selulosi ndiyo malighafi ya karatasi yenyewe.

Kiwanda cha Nymölla, kusini mwa Sweden, kilianza katikati ya miaka ya 1990 kuchuja kwa ultrafiltresheni maji ya kitengo cha kung'arishia rojo. Uchafu ulionaswa ulikolezwa, kisha ukachomwa.

Adui mkubwa wa utando ni kuziba. Nyuzi, utomvu na chokaa hujishikiza juu yake, mtiririko hupungua, na mafundi hulazimika kuuosha kwa magadi na asidi. Ndiyo maana maji hutuamishwa na kuchujwa kwanza kwa njia za kawaida. Anayeruka hatua hiyo hununua tando mpya mapema.

Gumu zaidi ni mabaki. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa kipimo cha oksijeni inayohitajika kikemikali, wakati majitaka ghafi ya karatasi huweza kufikia mamia, hata maelfu. Utando unaweza kuyasogeza maji karibu na kikomo hicho, lakini uchafu wote ulioondolewa hubaki upande wa pili, ukiwa umekolea zaidi. Kiwanda chenye tanuri la kuchomea maji meusi ya kupikia mbao kinaweza kuupeleka huko. Kiwanda kidogo kinachotengeneza karatasi kutokana na karatasi chakavu kwa kawaida hakina tanuri hilo, na hulazimika kutafuta pa kuupeleka kabla ya kununua hata utando mmoja.