Uyeyushaji wa chuma Ufipa

Uyeyushaji wa chuma Ufipa ni teknolojia ya jadi ya Wafipa, wakazi wa uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Eneo hilo leo limo katika Mkoa wa Rukwa. Teknolojia hiyo inajulikana hasa kwa matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu (umoja: ilungu), na kwa kupata chuma kwa hatua mbili kabla ya kufuliwa.

Hatua za kazi

Ilungu lilikuwa na kimo cha takriban mita 3. Lilijazwa mkaa na mtapo wa chuma kwa tabaka, kisha likawashwa na kuachwa liwake kwa siku kadhaa. Halikuhitaji mivukuto: hewa moto ilipopanda juu, hewa baridi ilivutwa ndani kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini kuzunguka tanuri.

Bonge lililotoka humo lilikuwa mchanganyiko wa chuma, mavi ya chuma na vipande vya mkaa. Lilivunjwavunjwa, na vipande vilivyofaa vikachomwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto. Baada ya hapo mhunzi alikifua chuma kuwa jembe, shoka au mkuki.

Muundo wa ndani wa chuma

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538 za Selsiasi. Katika matanuri ya aina hii kwa kawaida chuma chenyewe hakikuyeyuka. Kilichoyeyuka ni mavi ya chuma, ambayo huhitaji joto la takriban nyuzi 1,200. Monoksidi ya kaboni kutoka kwenye mkaa iliondoa oksijeni katika mtapo, na punje za chuma zikashikamana zikiwa bado yabisi.

Ubora wa chuma ulitegemea mambo makuu matatu:

* Kaboni. Chuma chenye kaboni kidogo sana huwa na punje za feriti, nacho ni laini. Kaboni ikiongezeka hutokea tabaka nyembamba za perlaiti, na chuma huwa kigumu. Ikikaribia asilimia 0.8, karibu chuma chote huwa perlaiti. Ikizidi asilimia 2, chuma huvunjika kikifuliwa.
* Fosfori. Mtapo wenye fosfori nyingi hutoa chuma kigumu lakini chepesi kuvunjika kikiwa baridi.
* Mavi ya chuma. Mabaki yake ndani ya chuma ni sehemu dhaifu ambapo ufa huanzia. Kintengwe na nyundo viliyapunguza.

Kwa kuwa joto na hewa havikuwa sawa kila mahali ndani ya tanuri, bonge moja liliweza kuwa na sehemu laini na sehemu ngumu. Ndiyo maana uchaguzi wa vipande ulihitaji mafundi wazoefu.

Mila

Tanuri lilifananishwa na mwanamke anayezaa. Fundi mkuu alitumia dawa maalumu, na wafanyakazi walijizuia kujamiiana wakati wa kazi.

Utafiti

Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1990, alitofautisha teknolojia tatu katika eneo hilo: katukutu, malungu na barongo. Kwa upande wa Buhaya, Mkoa wa Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 hoja kwamba Wahaya walipata chuma cha kaboni kwa kupasha hewa joto kabla haijaingia motoni. Hoja hiyo ilizua mjadala kati ya wataalamu.

Kufifia

Majembe ya chuma yalitumika pia kama mahari na bidhaa ya biashara katika Tanzania magharibi. Ushindani wa chuma kutoka Ulaya uliongezeka wakati wa ukoloni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata meli ya chuma iliyotengenezwa Ujerumani, Graf von Götzen (leo MV Liemba), ilishushwa majini huko baada ya kuletwa vipande vipande. Katika karne ya 20 uyeyushaji ulikoma, ingawa wahunzi waliendelea kufua vyuma chakavu. Malungu yaliyobaki, yakiwa ya udongo, huharibiwa na mvua na mizizi ya miti.