Upepo wa Mlangoni: Nyumba za Masisi na Baridi Yake

Mtu anayepanda Mweso toka kule chini Walikale, usiku wa kwanza anaomba blanketi. Milima ya Masisi iko juu, na upepo wake hauna adabu: unaingia bila kupiga hodi, ukipitia chini ya mlango. Kuuzuia ni kazi ya zamani sana hapa kwetu.

Nyumba ya nyasi ya wazee wetu ilikuwa ya duara, na mlango wake mfupi; mtu aliinama ili aingie. Mlango mdogo, upepo mdogo. Usiku waliegemeza kifuniko cha matete ao mianzi iliyosukwa, wakakikaza na mti kwa ndani. Katikati moto uliwaka. Lakini tuangalie jambo moja: waliziba chini, hawakuziba juu. Moshi ulipenya pole pole ndani ya nyasi za paa, ukakausha kuni na mbegu za mahindi, ukafukuza wadudu. Kweli, macho na kifua viliumia. Hata hivyo nyumba ilipumua.

Wakati wa Wabelgiji sura ya inchi ilibadilika. Kati ya 1937 na 1955 watu wengi waliletwa toka Rwanda, mashamba makubwa yakafunguliwa, pori likakatwa, mikaratusi ikapandwa. Pole pole nyumba ya mbao, yenye pembe ine na manjanja juu, ikachukua fasi ya ile ya nyasi. Na ubao ukipasuliwa ungali mubichi, unakauka na kupunguka. Njo maana mlango uliofunga vizuri wakati wa mvua, kiangazi unaacha nafasi ya kidole.

Basi wamama wakabandika magazeti na mifuko ya simenti ukutani. Wababa wakapigilia kipande cha mpira wa gari chini ya mlango, wakiweka vizibo vya chupa chini ya vichwa vya misumari ili isipasue mpira. Wengine wanalaza nyuma ya mlango gunia lililojazwa maganda ya maharagi.

Toka vita ya 1993, iliyoanzia Ntoto kule Walikale, jamaa nyingi zimejua nyumba ingine: ile ya shitingi. Mlango wake ni kitambaa tu, na kinachozuia upepo ni mawe na udongo uliokanyagwa pembeni.

Hapa njo kuna hatari. Shitingi haipitishi hewa kama nyasi, na nyumba ya mbao iliyozibwa kila tundu ni vilevile. Mtu akiingiza mbabula ya makala ili apate joto, kisha akafunga yote, makala yanatoa hewa yenye sumu, isiyoonekana wala kunuka. Anayelala humo anaweza asiamke.

Kwa hiyo tuzibe chini kama wazee, na juu tuache tundu la kupumulia. Na mbabula ilale nje.