Mabomba ya Karatasi kwa Roketi za Watoto: Yanapatikana Wapi, Yanaundwa Vipi

Tangu shule zifunguliwe nimeulizwa swali moja na wazazi wanne, wawili wa hapa Kuruwitu na wawili wa Vipingo. Mtoto ametumwa na mwalimu wa sayansi alete bomba la karatasi, jepesi, gumu, refu kama kiganja na nusu, la kuundia roketi. Dukani halipo. Mmoja wao aliambiwa aliagize Nairobi, na nauli ya kifurushi ikapita bei ya bomba lenyewe. Mtaala huu wa siku hizi unawafundisha watoto kazi za mikono, jambo jema, lakini mzigo wa vifaa humwangukia mzazi. Kwa kuwa nilisomea stashahada ya umeme na mikono yangu imezoea paipu na gundi, leo natoa safu nzima kwa bomba hilo.

Kwanza, kwa nini karatasi? Wengi huniambia, "Si ukate tu kipande cha chuma, au paipu ya plastiki, imalizike?" La. Roketi ni chombo kinachoweza kuanguka kichwani mwa mtu au kupasuka karibu na uso. Karatasi ikipasuka hutatuka. Chuma na plastiki ngumu vikipasuka hugeuka vigae vinavyoruka. Marekani walilijifunza hili kwa machungu. Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wa kule walianza kuchanganya baruti majumbani na kuishindilia katika mabomba ya chuma, na wengi wakaumia. Waliowaokoa ni watu kama Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, ambaye tayari alikuwa ameunda roketi ndogo ya karatasi na mbao nyepesi, na G. Harry Stine, aliyeandika kanuni za usalama. Mpaka leo kanuni ya kwanza ya mchezo huo kule ni kwamba ncha, mwili na mapezi ya roketi yasiwe ya chuma.

Na sisi tusijifanye mbali na habari hiyo. Kila Idd mitaani mwetu utasikia watoto wakikwangua vichwa vya viberiti na kuvishindilia kwenye spoku ya baiskeli au kipande cha bomba. Mtoto wa jirani yangu aliungua kiganja namna hiyo, na mpaka leo kidole chake cha shahada hakikunjiki sawasawa. Ndiyo maana nasema mapema: haya ninayoyaeleza ni ya roketi inayorushwa kwa hewa, bila moto. Roketi ya baruti ni jambo jingine. Sheria ya Vilipuzi ya Kenya, Sura ya 115, inataka leseni kwa kutengeneza, kuweka na kusafirisha vitu hivyo, fataki zikiwemo. Wanaotaka kufika huko wana njia yake: kule Juja, Chuo Kikuu cha JKUAT kina mradi wa wanafunzi uitwao Nakuja, wanaounda roketi za mafuta magumu chini ya usimamizi. Kwetu nyumba zimeezekwa makuti, na cheche moja yatosha kumaliza mtaa.

Sasa tuje kwenye mabomba yaliyokwisha tengenezwa, ambayo watu huyatupa kila siku. Bomba la katikati ya karatasi ya chooni ni la kwanza kila mtu kulifikiria, nalo ndilo duni: ni fupi, kama sentimita 10, na laini, likibanwa kidogo linabonyea. Lifae kwa watoto wa chekechea. Bora zaidi ni lile la karatasi ya fedha ya kuokea au la nailoni ya kufunikia vyakula. Hilo lina urefu wa kama sentimita 30 na ukuta mgumu. Hoteli za ufukweni hutumia haya kwa wingi. Ukiwa na ndugu anayefanya kazi jikoni, mwambie akuwekee.

Maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Biashara, Mombasa, hupokea majora yaliyozungushiwa mabomba marefu ya kadi. Nilimwendea muuzaji mmoja nikamwomba mawili. Akanitazama akasema, "Shekhe, chukua hata kumi, mimi hulipa mtu wa mkokoteni ayaondoe." Lakini yana ukuta mnene na ni mazito mno kwa roketi ya hewa. Matumizi yake ni kalibu ya kuzungushia bomba jingine, au ghala: unaweka roketi za darasa zima ndani yake, unaziba pande zote. Wanaochapisha mabango makubwa nao hubaki na mabomba ya inchi 2 au 3, na maelezo ni yale yale.

Kwa kweli, kuunda mwenyewe ndiko bora, kwani unachagua kipenyo. Na ufundi huu si mgeni. Muuza njugu wa stendi ya matatu hukunja karatasi ya daftari kwenye kijiti, akapinda chini, akajaza njugu, yote kwa pumzi moja. Yule ni fundi wa mabomba ya karatasi, ila hakuna aliyemwambia.

Kalibu ninayoipendekeza ni paipu nyeupe ya kupitishia waya za stima, ya milimita 20. Inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, na kipenyo chake cha nje ni kile kile kila mahali. Paipu hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa mtambo wa kurushia, hivyo bomba lazima liteleze juu yake bila kukwama wala kupwaya. Ujanja wake ni huu: kabla ya kuanza, zungusha karatasi moja kavu juu ya paipu, uishike kwa seloteipu, kisha uipake nta kwa kuisugua na mshumaa. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuachia nafasi ya kuteleza, na nta itazuia gundi isishike.

Karatasi gani? Ile ya A4 ya kupigia chapa yatosha kwa kuanzia. Mzingo wa paipu ya milimita 20 ni kama milimita 63. Karatasi ya A4 ni 210 kwa 297, kwa hiyo ukiizungusha kwa upande wa 210 unapata bomba la karibu sentimita 30 lenye tabaka tatu na ziada kidogo. Ukuta wake ni kama theluthi moja ya milimita, mwepesi na unaotosha. Mimi lakini napenda karatasi ya khaki, ile ya kufunikia madaftari, au ya mifuko iliyoenea madukani tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Nyuzi zake ni ndefu na haichaniki ovyo. Mfuko wa simiti wa karatasi nao ni mzuri sana, bali ukung'ute vizuri nje ya nyumba na mtoto asifanye kazi hiyo, maana vumbi la simiti huchoma macho na ngozi.

Kuna jambo ambalo hata walimu hulisahau. Karatasi ina uelekeo wa nyuzi, kama ubao. Ichane kipande kutoka juu na kingine kutoka ubavuni: upande mmoja utachanika mstari ulionyooka, mwingine utakwenda upogo. Ule ulionyooka ndio uelekeo wa nyuzi. Laza paipu sambamba nao, na karatasi itajikunja kwa hiari yake. Ukienda kinyume itakupigania, na bomba litakuwa na mikunjo.

Gundi: nyeupe ya seremala, iliyopunguzwa kwa maji kidogo mpaka iwe kama maziwa mazito. Asiye nayo apike uji mzito wa unga wa muhogo. Unashika vizuri ajabu, ila mende na panya wanaupenda kuliko sisi. Duara la kwanza usilitie gundi. Kuanzia la pili, paka nyembamba kote kwa brashi au kitambaa, zungusha taratibu ukikaza kwa viganja viwili kama anayesukuma chapati, na kila mara futa mapovu ya hewa. Kisha, na hapa ndipo wengi huharibu, usiliache bomba likaukie kwenye paipu. Gundi ya maji ikikauka karatasi husinyaa na kubana. Lichomoe likiwa bado na unyevu, ulisimamishe kivulini mpaka kesho yake. Jua kali hulipinda.

Kuzungusha hivi, karatasi pana kwa mara moja, ndiko rahisi. Viwandani hutumia utepe mwembamba unaozungushwa mshazari, tabaka moja likifunika maungio ya jingine. Mabibi zetu wanaoshona mkeka kwa ukili wanaujua mwendo huo, kwa kuwa ukili nao huzunguka mshazari hadi utepe mwembamba ukawa kitu kipana. Ukitaka bomba refu kuliko karatasi yako, fuata njia hiyo, tabaka la kwanza likielekea kulia na la pili kushoto.

Tusiidharau kazi hii kwa kuwa ni ya karatasi. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, kati ya 1967 na 1988, zikabeba setilaiti tisa. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru, nayo ndiyo ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Injini za hatua za juu za Scout zilikuwa na maganda ya nyuzi za kioo zilizozungushwa juu ya kalibu na kugandishwa kwa gundi ya resini. Nyuzi, gundi, kalibu: ni vitu vile vile vilivyo mezani pako. Nasikitika kwamba watoto wengi wa kaunti hii hawajui kwamba jukwaa hilo lipo kwao.

Bomba likikauka, ziba ncha kwa pia ya manila, nayo ibane hewa kabisa, kwa kuwa hewa ndiyo inayoisukuma. Puliza kwa mdomo upande wa chini: ukisikia inavuja, ongeza gundi. Tia ndani ya pia donge dogo la udongo. Nyuma bandika mapezi matatu au manne ya manila. Mshale wa Mgiriama una unyoya nyuma na chembe nzito mbele, na sababu ni ile ile. Kabla ya kurusha, funga uzi pale roketi inapokaa mizani, uizungushe juu ya kichwa. Ikitangulia kwa pia, iko sawa. Ikienda kwa ubavu au kinyumenyume, ongeza udongo mbele au panua mapezi.

Mtambo wake ni chupa ya soda ya lita 2, kipande cha tyubu ya baiskeli kama kiungo, na ile paipu ya milimita 20. Roketi inavikwa juu ya paipu, mtoto anakanyaga chupa kwa kishindo, hewa inapanda. Iliyoundwa vyema huruka juu ya minazi. Asiwepo mtu aliyeinama juu ya paipu, hata wa kuchungulia.

Kuhusu mahali pa kurushia, ufuo wetu maji yakitoka ni uwanja mzuri, lakini tazameni upepo. Wakati wa kusi husukuma kutoka kusini na kuipeleka roketi pembeni ya ufuo. Kaskazi inapovuma itawarudia watazamaji wakisimama upande wa kusini. Mbele yetu kuna tengefu la karibu hekta 30 ambalo wazee wa Kuruwitu walilihifadhi tangu miaka ya 2000, likawaletea Tuzo ya Ikweta mwaka 2017. Kwa hiyo chupa, seloteipu na vipande vyote virudi nyumbani. Kasa hawali karatasi ya shule.

La mwisho ni unyevu. Hewa yetu ya chumvi hulegeza bomba lililokaa wiki moja mezani, hasa mvua za masika. Lipake vanishi mara moja, nyembamba, ndani uache wazi. Kisha liwekwe ndani ya kopo linalofungwa vizuri pamoja na kijifuko cha mchele mkavu. Mchele huo usirudi jikoni, maana una harufu ya vanishi.