Bweni, si kambi

Katika RimWorld, mchezo wa kompyuta wa kujenga makazi uliotoka rasmi mwaka 2018, chumba chenye vitanda vya watu kadhaa kina jina la kijeshi kwa Kiingereza, na mfasiri mwenye haraka atakiita kambi. Naona neno lake ni bweni. Kambi ni eneo zima: kambi ya jeshi au ya wakimbizi ina majiko, maghala na lango, kwa hiyo katika mchezo huu kambi ingekuwa makazi yote. Bweni ni jengo la kulala watu wengi pamoja, na hapo ndipo ilipo hesabu ya mchezaji. Kuta chache huokoa mbao na muda, lakini anayeingia usiku wa manane huwakatiza wenzake usingizi, nayo furaha yao hushuka. Bweni likiwa pana, safi na lenye mapambo, manung'uniko hupungua.

Wapo watakaosema bweni ni la wanafunzi, ilhali walowezi hawa ni watu wazima. Lakini tusingehitaji kusema "shule ya bweni" kama bweni lenyewe lingebeba maana ya shule. "Chumba cha pamoja" nacho hakisemi kama watu wanalala humo au wanakula, na kwa kulia chakula tayari tuna bwalo.