Kura sita kwa siku moja: Jinsi Wakenya wanavyochagua viongozi wa taifa na wa kaunti

MPIGAKURA wa Kenya anapoingia katika kituo siku ya Uchaguzi Mkuu hukabidhiwa karatasi sita. Kwa karatasi hizo humchagua Rais, Gavana, Seneta, Mbunge Mwakilishi wa Kike, Mbunge wa eneobunge na Diwani wa wadi yake.

Wengi huzichukulia karatasi hizo kuwa sehemu za shughuli moja, na macho yao huelekezwa kwa ile ya urais pekee. Kisheria, hata hivyo, hizo ni chaguzi sita tofauti. Kila mmoja una mahali pa kutangaziwa matokeo, una mahakama ya kusikiliza malalamishi na unaweza kufutwa bila kuathiri zile nyingine tano.

Mwananchi asiyeelewa tofauti hizo huishia kumdai diwani barabara kuu ya kitaifa, au kumlaumu Rais kwa zahanati ya kijiji isiyo na dawa.

Kutoka kura tatu hadi sita

Kabla ya Katiba ya sasa, Wakenya walipiga kura tatu tu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Madiwani waliketi katika mabaraza ya miji, ya manispaa na ya kaunti, na wao ndio waliomchagua meya au mwenyekiti wa baraza. Mwananchi wa kawaida hakuwa na usemi wa moja kwa moja kuhusu nani angeongoza mji wake, na mabaraza yenyewe yaliwajibika kwa Waziri wa Serikali za Mitaa aliyekuwa Nairobi.

Mageuzi yaliharakishwa na maafa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, mzozo kuhusu matokeo ya urais ulizua ghasia ambamo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakatimuliwa makwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini ilichunguza jinsi uchaguzi huo ulivyoendeshwa na kufichua kasoro nyingi, na Tume ya Uchaguzi ya wakati huo (ECK) ikavunjwa mwaka wa 2008.

Katiba mpya iliidhinishwa katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 na kuzinduliwa Agosti 27 mwaka huo. Iliunda kaunti 47, ikarejesha Seneti na kuongeza idadi ya maeneobunge kutoka 210 hadi 290. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilianza kazi mwaka wa 2011, na uchaguzi wa kwanza wa kura sita ukafanyika Machi 4, 2013.

Tangu hapo Katiba imetaka Uchaguzi Mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ndiyo sababu ule wa 2017 ulikuwa Agosti 8, wa 2022 ukawa Agosti 9, na unaofuata umepangiwa Agosti 10, 2027.

Nani hufanya kazi gani

Rais huongoza serikali ya kitaifa, ambayo husimamia ulinzi, polisi, mambo ya nje, shule za msingi na za upili, na barabara kuu. Huchaguliwa pamoja na mgombea mwenza wake, na hawezi kuhudumu zaidi ya mihula miwili.

Mbunge wa eneobunge hutunga sheria katika Bunge la Kitaifa na kuidhinisha matumizi ya pesa za serikali. Bunge hilo lina wabunge 290 wa maeneobunge, Wawakilishi wa Kike 47 waliochaguliwa na kaunti nzima, na wengine 12 wanaoteuliwa na vyama kulingana na idadi ya viti ambavyo kila chama kimeshinda.

Seneta huchaguliwa mmoja kwa kila kaunti, bila kujali ukubwa wake. Lamu, iliyokuwa na wapigakura zaidi kidogo ya 80,000 mwaka wa 2022, ina seneta mmoja sawa na Nairobi iliyokuwa na zaidi ya milioni 2.4. Usawa huo haukutokea kwa bahati. Seneti iliundwa kutetea kaunti, na mojawapo ya kazi zake kuu ni kuamua jinsi pesa za ugatuzi zinavyogawanywa. Ukiongeza wanawake 16 na wawakilishi wanne wa vijana na walemavu wanaoteuliwa na vyama, maseneta ni 67.

Gavana ndiye mkuu wa serikali ya kaunti. Hospitali za kaunti na zahanati, chekechea, kilimo, maji, masoko na barabara za mashinani zimo mikononi mwake. Katiba inataka kaunti zote kwa jumla zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Gavana pia huchaguliwa na naibu wake, na hawezi kuzidisha mihula miwili.

Diwani, ambaye kisheria huitwa mwakilishi wa wadi, huketi katika bunge la kaunti. Wadi ni 1,450 kote nchini. Madiwani ndio hupitisha bajeti ya gavana, kutunga sheria za kaunti na kuwahoji mawaziri wa kaunti, na ndio wanaoweza kuanzisha hoja ya kumtimua gavana kabla ya Seneti kutoa uamuzi wa mwisho. Kwa hivyo, anayepuuza karatasi ya sita hupuuza jicho linalolinda pesa za zahanati yake.

Siku ya kupiga kura

Kila Mkenya aliyetimiza umri wa miaka 18 na mwenye kitambulisho cha kitaifa au pasipoti anaweza kujisajili kuwa mpigakura. Hupiga kura katika kituo alichosajiliwa, si penginepo. Aliyehamia Mombasa kutoka Kisumu akipuuza kuhamisha usajili wake, atalazimika kusafiri au kukosa kura.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliye kwenye foleni wakati wa kufunga huruhusiwa kupiga kura. Mtambo wa kielektroniki humtambua mpigakura kwa alama za vidole. Asiyeona au asiyeweza kuandika anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini.

Wakenya walio ng'ambo katika vituo vilivyotengwa, pamoja na wafungwa, humpigia Rais pekee. Mwaka wa 2013 kura za ng'ambo zilipigwa katika mataifa jirani ya Afrika Mashariki: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Kufikia 2022 vituo vilikuwa katika mataifa 12, yakiwemo Qatar, Uingereza, Marekani na Kanada.

Kura zinapohesabiwa

Kura huhesabiwa papo hapo kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea. Msimamizi wa kituo hujaza fomu ya matokeo ya kila kiti, mawakala huitia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni ili kila mtu aisome. Fomu ya urais ya kituo huitwa 34A.

Kutoka hapo njia huachana. Matokeo ya mbunge na ya diwani hujumlishwa na kutangazwa katika kituo kikuu cha eneobunge. Ya gavana, seneta na Mwakilishi wa Kike hupelekwa hadi makao ya kaunti. Ya urais hujumlishwa katika eneobunge kwa Fomu 34B, kisha mwenyekiti wa IEBC hutangaza jumla ya taifa kwa Fomu 34C.

Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, na kwamba makao makuu Nairobi hayana mamlaka ya kuyabadilisha. Uamuzi huo ulifunga mlango uliokuwa umetiliwa shaka tangu 2007, kwamba hesabu za mashinani zingeweza kugeuka njiani kuelekea jijini.

Katika uchaguzi wa 2022 IEBC ilienda hatua zaidi. Nakala za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa katika tovuti yake, na yeyote mwenye intaneti akaweza kujijumlishia mwenyewe. Msingi wa uchaguzi, basi, ni ile karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kituo. Nyingine zote hutokana nayo.

Wingi wa kura na nusu ya kura

Katika viti vitano, anayepata kura nyingi kuwashinda wenzake ndiye mshindi, hata kama hajafikisha nusu. Urais una masharti mawili zaidi. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Sharti la pili linamlazimu mgombea kutafuta uungwaji mkono nje ya ngome yake.

Asipopatikana mshindi, wawili wanaoongoza hurudi debeni kwa duru ya pili katika muda wa siku 30. Kufikia uchaguzi wa 2022 Kenya ilikuwa bado haijawahi kufika huko, ingawa ilikaribia. Mwaka huo William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya 6,942,930 za marehemu Raila Odinga. Tofauti ilikuwa kura 233,211.

Pembamba kama huo ulivyo ushindi, kura zilizoharibika hupata uzito. Karatasi iliyowekwa alama kwa wagombea wawili, isiyo na alama yoyote au isiyo na muhuri rasmi hukataliwa. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa hazijumuishwi wakati wa kupima iwapo mgombea amevuka nusu. Aliyekosea kuweka alama, kwa hivyo, ni kama hakupiga kura.

Mahakamani

Anayepinga ushindi wa Rais huwasilisha kesi katika Mahakama ya Juu kwa muda wa siku saba baada ya matokeo kutangazwa, na majaji huwa na siku 14 za kuamua. Septemba 1, 2017 mahakama hiyo, ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta kwa sababu ya kasoro zikiwemo za upeperushaji wa matokeo. Uchaguzi ulirudiwa Oktoba 26. Chaguzi za magavana, wabunge na madiwani zilizofanyika siku iyo hiyo ya Agosti hazikuguswa.

Kesi za ugavana, useneta na ubunge husikilizwa na Mahakama Kuu, na za udiwani na mahakama ya hakimu. Hizi huwasilishwa kwa siku 28 na kuamuliwa kwa miezi sita.

Uchaguzi mmoja pia unaweza kuahirishwa peke yake. Mwaka wa 2022 wakazi wa Mombasa na Kakamega walipiga kura tano tu Agosti 9, kwa kuwa karatasi za ugavana zilikuwa na makosa. Walirudi vituoni Agosti 29 kumchagua gavana.

Kiti kinapobaki wazi

Mbunge, seneta au diwani akifariki, akijiuzulu au uchaguzi wake ukifutwa, uchaguzi mdogo unapaswa kufanyika; kwa kiti cha mbunge au seneta, ni kwa muda wa siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Gavana akiondoka, naibu wake huchukua hatamu. Rais vilevile hurithiwa na naibu wake hadi muhula uishe.

Lakini sheria haijitekelezi yenyewe. Makamishna wa mwisho wa IEBC walimaliza muda wao Januari 2023, na mivutano ya kisiasa na ya mahakamani ikachelewesha uteuzi wa wengine. Mwenyekiti mpya, Erastus Ethekon, na makamishna wenzake waliapishwa Julai 2025.

Katika kipindi hicho chote hapakuwa na wa kuendesha chaguzi ndogo. Wakazi wa Banissa, Kaunti ya Mandera, walifiwa na mbunge wao Machi 2023 na hawakumchagua mwingine hadi Novemba 27, 2025. Magarini katika Kaunti ya Kilifi, ambako mahakama ilikuwa imefuta ushindi wa mbunge, pia ilipiga kura siku hiyo, sawa na Kaunti ya Baringo iliyokuwa imempoteza seneta wake.

Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, Banissa ilitozwa ushuru sawa na maeneobunge mengine 289 huku sheria na bajeti zikipitishwa bila sauti yake Bungeni. Si kura iliyoibwa wala fomu iliyogeuzwa iliyowanyima watu hao mwakilishi. Ilitosha tume kukosa makamishna.

Kwa mpigakura, hatua ya kwanza kuelekea Agosti 2027 si kumchagua mgombea. Ni kuhakikisha jina lake limo kwenye sajili, katika kituo atakachoweza kukifikia. Ya pili ni kumuuliza kila mwaniaji anayebisha hodi anatafuta kiti kipi kati ya sita, kisha kupima iwapo anachoahidi kimo ndani ya mamlaka ya kiti hicho.