Alan Root: Mpiga filamu aliyempa mchwa hadhi ya simba

Miongoni mwa watu walioijulisha dunia maisha ya wanyama wa Afrika Mashariki kupitia televisheni, Alan Root ana nafasi ya pekee. Alizaliwa London mwaka wa 1937, akaletwa Kenya na wazazi wake akiwa mtoto baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alifariki Agosti 2017 akiwa na umri wa miaka 80.

Alianza kujulikana alipofanya kazi na Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael huko Serengeti. Michael alifariki Januari 1959 ndege yake ilipoanguka, na Root akasaidia kukamilisha upigaji picha wa filamu yao, iliyotunukiwa Oscar mwaka wa 1960.

Enzi hizo, filamu nyingi za wanyamapori zilimtukuza mwanadamu: msafiri aliyewafuata simba na ndovu kwa gari huku akisimulia ujasiri wake. Root aliuacha mtindo huo. Alichagua mahali pamoja, akakaa hapo muda mrefu, kisha akaonyesha jinsi viumbe wanavyotegemeana.

Katika filamu yake kuhusu Chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, watazamaji walimwona kiboko akitembea chini ya maji na kinyesi chake kikilisha samaki. Maji ya chemchemi hizo ndiyo yanayofikishwa Mombasa kwa bomba. Katika filamu ya mbuyu, hondohondo jike alijifungia ndani ya shimo la mti, akawa analishwa na dume kupitia ufa mwembamba. Nayo Mysterious Castles of Clay ya mwaka wa 1978 iliwafanya mchwa na kichuguu chao kuwa wahusika wakuu, ikateuliwa kuwania Oscar.

Kwa filamu ya nyumbu wanaohama, alipiga picha kutoka angani kwa puto. Kutokana na puto hilo ilizaliwa biashara ya kuwarusha watalii juu ya Maasai Mara, ambayo ingali inaendelea.

Hata hivyo, kazi hizo hazikuwa za mtu mmoja. Joan, mzaliwa wa Nairobi aliyefunga ndoa na Root mwaka wa 1961, ndiye aliyeandaa safari, akatunza vifaa na kupiga mbizi pamoja naye. Hatari waligawana pia. Root alipoteza kidole baada ya kuumwa na nyoka aina ya kifutu. Mwaka wa 1974, huko Mzima, kiboko aliipasua barakoa ya Joan ya kupigia mbizi, kisha akamng'ata Root mguuni na kumjeruhi vibaya.

Wawili hao walitalikiana baadaye. Joan alibaki Naivasha, ambako aliongoza juhudi za kukomesha uvuvi haramu ziwani. Januari 2006 aliuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake. Washtakiwa waliofikishwa mahakamani waliachiliwa huru.

Kwa miaka mingi, filamu za Alan na Joan zilikuwa zimewafunza watazamaji kwamba chemchemi ikiharibiwa, samaki, ndege na kiboko huangamia pamoja. Ziwa Naivasha lilimtaka Joan aliishi somo hilo bila kamera, na bila mtu wa kumlinda.